Muhamadi Kijumwa: Mkono Uliozirejesha Tenzi za Kale

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyeko Msambweni au Diani akifungua kitabu cha Tenzi Tatu za Kale, kilichohaririwa na M. M. Mulokozi na kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1999, hukutana na Utenzi wa Fumo Liyongo, Al-Inkishafi na Utenzi wa Mwana Kupona. Hati ni za Kirumi, beti zimepangwa vizuri, na maneno ya Kiamu yanayomtatiza yamefafanuliwa. Ni rahisi kwake kudhani kwamba kazi hizo zilisafiri zenyewe kutoka karne zilizopita hadi mezani pake. Ukweli ni kwamba kila moja kati ya tenzi hizo tatu iliwahi kupita katika kalamu ya mtu mmoja wa Lamu, ambaye jina lake hutajwa kwa nadra kuliko majina ya wataalamu waliozichapisha. Mtu huyo ni Muhamadi bin Abubakari bin Omari al-Bakari, maarufu kwa jina la Kijumwa, au Kijuma.

Malezi na vipawa

Kijumwa alizaliwa Lamu takriban mwaka 1855. Alikuwa bado mtoto mdogo wakati Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye utenzi wa mawaidha, mwaka 1858. Kwa hiyo alikulia katika mji ambao ushairi haukuwa somo la darasani bali ulikuwa sehemu ya maisha. Ulisomwa majumbani, uliimbwa arusini, na ulitumiwa kushindana katika ngoma. Kama watoto wenzake alisomeshwa chuoni, akaijua hati ya Kiarabu na masomo ya dini. Hata hivyo, moyo wake ulivutwa pia na ngoma ya gungu, kinanda na utunzi wa mashairi ya mashindano, mambo ambayo watu wa dini hawakuyatazama kwa jicho jema.

Pamoja na ushairi na muziki, Kijumwa alikuwa fundi wa kuchonga mbao. Nakshi za milango ya Lamu na nakshi za kurasa zake za maandishi zilitoka katika jicho lile lile. Ni vigumu kumwelewa kama mwandishi wa hati bila ya kumkumbuka kama mchongaji. Mwenye kuchonga hujua kwamba nafasi tupu ina kazi yake sawa na pambo, na ndivyo Kijumwa alivyoupanga ukurasa.

Kazi ya kalamu

Utenzi ulioandikwa kwa mkono wake hutambulika upesi. Ubeti mmoja wenye vipande vinne huwekwa katika mstari mmoja, na kila kipande hutengwa na kingine kwa alama ya pambo, ili jicho lione vina vikishuka kwa safu kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kurasa za mwanzo mara nyingi hutiwa nakshi, na wino wa rangi hutumika pamoja na mweusi. Msomaji asiyejua hata herufi moja ya Kiarabu anaweza, kwa kuutazama ukurasa tu, kutambua kwamba anachokitazama ni utungo wenye mizani na vina.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana zaidi mtu akikumbuka ugumu wa hati yenyewe. Hati ya Kiarabu ina alama tatu za irabu fupi, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Vilevile haina herufi za asili kwa sauti kama p, v na ch. Msomaji wa zamani aliyejua utungo kwa moyo hakutatizika, kwa kuwa hati ilimkumbusha tu yale aliyokwisha kuyasikia. Lakini msomaji mgeni alihitaji mtu wa kumwongoza. Kijumwa aliifanya kazi zote mbili: alinakili, na pia alieleza maana.

Wateja wake

Wageni hao walikuja mmoja baada ya mwingine. Alice Werner, mtaalamu wa lugha kutoka Uingereza, alifika pwani ya Kenya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1913 Kijumwa aliandika Utenzi wa Fumo Liyongo uliompitia Werner. Baadaye William Hichens alimtumia kama mnakili na mfasiri wa maneno magumu. Kutokana na ushirikiano wa namna hiyo Werner na Hichens walichapisha utenzi wa Mwana Kupona mwaka 1934, na Hichens akachapisha Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir mwaka 1939. Mwaka 1936 na 1937 Mjerumani Ernst Dammann alikaa Lamu, akafanya kazi na Kijumwa ambaye wakati huo alikuwa mzee wa miaka themanini hivi. Mwaka 1940 Dammann alichapisha Hamburg mkusanyo mkubwa wa tungo za Kiamu.

Ulikuwa wakati wa mabadiliko makubwa. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja na kwa hati ya Kirumi. Watoto waliosoma katika shule za serikali walikuwa wakipoteza mambo mawili kwa pamoja, yaani hati iliyohifadhi tenzi na lahaja iliyozitunga. Kijumwa alisimama mahali ambapo njia hizo mbili zilikuwa zinaachana.

Mashaka yanayomzunguka

Sifa hizi hazifuti maswali. Kijumwa hakutengeneza karatasi kuukuu zilizoliwa na mchwa. Alizirejesha tungo kwa kuziandika upya, na kila anayeandika upya huacha alama yake. Nakala zake za utungo mmoja hazilingani kila mahali. Kuhusu Utenzi wa Fumo Liyongo wataalamu wamejadiliana kama yeye ndiye mtunzi, au ni mnakili na mpangaji wa masimulizi yaliyokuwapo. Jawabu linalokubalika zaidi ni kwamba habari na nyimbo za Liyongo ni za kale mno, kwani Edward Steere alikwisha kuchapisha baadhi yake mwaka 1870, ila umbo la utenzi unaosomwa leo linahusishwa na Kijumwa.

Swali jingine linahusu ukaribu wake na wamisionari. Aliingia Ukristo, na jina la Masihii hufuatishwa baada ya lake katika baadhi ya maandiko. Katika mji wa Kiislamu kama Lamu, hatua hiyo haikuweza kupita bila lawama. Tena kazi yake ilikuwa ya malipo, na walioilipia walikuwa wageni. Matokeo ni kwamba sehemu kubwa ya miswada yake iko London na Ujerumani, mbali na watu ambao babu zao walizitunga tungo zilizomo. Huu ndio msiba uliofichika ndani ya mafanikio yake. Aliziokoa tungo zisipotee, lakini kwa kuzipeleka mbali na nyumbani.

Baada ya kifo chake

Kijumwa alifariki mwaka 1945. Utenzi wa Fumo Liyongo ulichapishwa Dar es Salaam mwaka 1973 ukiwa na utangulizi wa Abdilatif Abdalla. Mwaka 1983 Mohammad Abou Egl aliwasilisha London tasnifu ya uzamivu kuhusu maisha na kazi zake, na mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walichapisha Ujerumani kitabu kikubwa chenye maandishi yake. Hatua kwa hatua mnakili akaanza kutambuliwa kuwa msanii.

Hitimisho: funzo kwa pwani ya kusini

Maisha ya Kijumwa yana uzito wa pekee kwa Kwale. Pwani hii nayo ina urithi wake. Vumba ilikuwa dola yenye madiwani wake, na A. C. Hollis alichapisha habari za historia yake mwaka 1900. Kivumba cha Vanga na Wasini kilielezwa na H. E. Lambert mwaka 1957, na Kichifundi cha Shirazi na Funzi mwaka 1958. Hata hivyo, kazi hizo ziliandikwa kwa Kiingereza na wageni, na kusini hakukutokea mnakili mwenyeji aliyepata umaarufu wa Kijumwa. Kisichonakiliwa hufa pamoja na anayekijua. Mwanafunzi wa Kwale anayejifunza kusoma hati ya Kiarabu leo, akamwendea mzee wa Vanga au wa Gasi mwenye chuo cha kale sandukuni, akakinakili na kukieleza kwa idhini yake, atakuwa ameishika kalamu ya Kijumwa. Atakuwa pia amelisahihisha lile ambalo Kijumwa hakuweza kulisahihisha, kwani chuo chenyewe kitabaki nyumbani.