Karani wa Tanga

Wale waliohudhuria mjadala wa Chama cha Kiswahili muhula wa pili wanakumbuka nilivyoaibika. Nilikuwa upande wa kumtetea marehemu Shaaban Robert. Nilikuwa nimepanga hoja zangu vizuri, nikamwaga misamiati hadi wenzangu wakapiga makofi. Mara dada mmoja wa kidato cha nne akasimama akaniuliza, kama huyu bwana alikuwa mpenda haki kweli, mbona alikula mshahara wa mkoloni tangu ujana hadi mvi zikamwota? Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nikabaki kinywa wazi kama samaki, nikaketi.

Swali hilo halikuniacha nilale. Niliazima vitabu maktabani, nikamsumbua mwalimu wetu mlezi, na sasa nimeshika kalamu.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Wakati huo Tanganyika ilikuwa mikononi mwa Wadachi. Alipokuwa na umri wa miaka mitano, Novemba 1914, Waingereza walishuka Tanga kwa meli wakapigwa wakarudi baharini. Vita vilipokwisha, hao hao waliofukuzwa ndio wakawa watawala. Kwa hivyo kabla hajabaleghe alikuwa amekwisha kuona serikali moja ikienda na nyingine ikija, na zote hazikumwuliza mwenyeji lolote.

Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926. Katika mtihani wa mwisho alikuwa wa pili kati ya watahiniwa kumi na mmoja. Elimu ya darasani ikaishia hapo. Jamani, mtu tunayemwita baba wa fasihi ya Kiswahili hakusoma hata miaka mingi kama sisi tunaolalamika kila siku!

Mwaka huo huo wa 1926 akaajiriwa karani wa forodha, kazi aliyoifanya hadi 1944. Pangani ni mmojawapo wa miji aliyoitumikia. Halafu akapelekwa katika idara iliyoshughulikia wanyama, akafika hadi Mpwapwa, mbali kabisa na bahari aliyoizoea. Kuanzia 1946 hadi 1952 alikuwa katika ofisi ya wilaya huko Tanga, kisha ofisi ya upimaji ardhi hadi 1960. Ukihesabu utapata miaka thelathini na minne ya kunakili barua za wakubwa. Sasa yeye akiandika saa ngapi? Bila shaka ni baada ya kazi. Mimi nikitoka shule humsaidia mama kuuza sokoni hadi giza liingie, ndipo niwashe koroboi nianze hesabu, na mara nyingi usingizi hunishinda kwa swali la pili. Yeye aliandika utenzi wa vita vya 1939 hadi 1945 wenye beti zipatazo elfu tatu. Elfu tatu! Nilipojua hivyo niliona haya.

Nyumbani nako hakukukosa msiba. Mkewe Amina alifariki angali kijana, naye akamtungia shairi la maombolezo ambalo wengi wetu tumelikariri. Aliwatungia pia wanawe tenzi za mawaidha, mmoja wa binti na mmoja wa mvulana. Barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958 zilikuja kuchapishwa mwaka 2002. Humo humwoni malenga tu, unamwona na kaka mtu.

Lakini narudi kwenye swali la dada yangu. Tazama tarehe. Kitabu cha Kusadikika kilitoka mwaka 1951. Wakati huo mwandishi alikuwa akiripoti kila asubuhi katika ofisi ya wilaya, mahali ambapo raia waliitwa, wakaamriwa, wakatozwa kodi. Na hicho kitabu kinasema nini? Kinasimulia nchi inayoelea hewani, ambako kijana Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Karama anajitetea kwa siku sita. Anaeleza habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini kutafuta mambo mema, na kila aliyerudi akatupwa gerezani badala ya kushukuriwa. (Nakiri hotuba zingine ni ndefu mno, nilisinzia katikati.) Kwa maoni yangu, mtu ambaye hajawahi kuketi ndani ya ofisi kama ile hangeweza kumchora Majivuno vile. Karani alikuwa pale pale, anaona, anasikia, ananyamaza, halafu jioni anaandika ati ni nchi ya hewani. Nani angemshika?

Sitaki kumfanya malaika. Ni kweli alipewa nishani ya M.B.E. na Waingereza, naye akaipokea. Hapo dada yangu ana haki yake, na sina dawa ya kulifuta jambo hilo. Hakuingia msituni, hakufungwa. Alikuwa na watoto wa kulisha.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Shaaban Robert aliaga dunia Juni 1962, miezi sita tu baadaye, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Uhuru aliuonja kidogo sana. Vitabu vyake vingine, kama Kufikirika, Utubora Mkulima na ule utenzi wa vita, hakuviona vikiwa na majalada. Vilichapishwa 1967 na 1968, mwenyewe akiwa kaburini.

Mwalimu mlezi amekubali mjadala urudiwe muhula ujao. Nimeomba upande ule ule, na dada wa kidato cha nne ameniambia anatafuta swali jingine.