Mbaruk bin Rashid wa Gazi: Gobori, Bendera na Uchaguzi

Miongoni mwa watu wa pwani ya kusini ya Kenya ambao majina yao hayajafutika vinywani mwa watu, Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui ana nafasi ya pekee. Alipigana na Unguja, akapigana na Uingereza, kisha akafia Dar es Salaam chini ya himaya ya Wajerumani. Wasimulizi wengi hupima maisha yake kwa mizani ya ushujaa. Makala haya yanayapima kwa mizani nyingine: silaha alizozishika, na sababu zilizomfanya azishike hizo badala ya nyingine zilizofanana nazo.

Uzawa na Malezi

Mbaruk alizaliwa katika ukoo uliotawala Mombasa kwa karibu karne nzima. Baba yake, Rashid bin Salim, ndiye aliyekuwa mtawala wa mwisho wa Kimazrui mjini humo. Mnamo 1837 Sayyid Said bin Sultan aliutwaa mji. Rashid na wakuu wenzake walikamatwa kwa hila, wakapelekwa Bandar Abbas, nao hawakurudi tena. Huo ndio uliokuwa mji wa Muyaka bin Haji, na msomaji wa mashairi ya Muyaka anaujua uhasama wa Mazrui na Busaidi hata kabla hajafungua kitabu cha historia.

Wamazrui waliosalimika waligawanyika. Baadhi walikwenda Takaungu, kaskazini ya Mombasa. Wengine walikwenda Gazi, katika eneo ambalo leo ni la Msambweni. Mbaruk, aliyekuwa angali mtoto, alikulia Gazi, na katika miaka ya 1860 akawa kiongozi wa huko. Alijenga urafiki na Wadigo na Waduruma wa bara ya Kwale. Hata hivyo haifai kumpamba kupita kiasi. Mashamba ya Gazi yalilimwa na watumwa, na uhuru alioupigania ulikuwa kwanza uhuru wa ukoo wake.

Gobori na Snaida

Bunduki za zama hizo zilitumia baruti nyeusi, yaani mchanganyiko wa shura, makaa na salfa. Bunduki ya gumegume iliwashwa kwa jiwe lililogonga chuma. Ile ya fataki iliwashwa kwa kifuniko kidogo cha shaba kilichogongwa na nyundo. Zote mbili zilijazwa kwa mdomoni: mpigaji alimimina baruti katika kasiba, akatia risasi, akashindilia kwa mdeki, ndipo akalenga. Mtu hodari alipiga mara mbili au tatu kwa dakika moja, na kwa kawaida alilazimika kusimama ili kushindilia. Mvua ikinyesha, baruti hunyonya unyevu.

Mwaka wa 1853 jeshi la Uingereza lilianza kutumia bunduki ya Enfield iliyojazwa hivyo hivyo. Mwaka wa 1866 bunduki hizo zilianza kukatwa nyuma ya kasiba na kutiwa kifuniko chenye bawaba, nazo zikaitwa Snider. Mtu aliyeziona mbili hizo zimeegemezwa ukutani angezidhania kuwa pacha. Lakini Snaida ilijazwa kwa nyuma, hata mpigaji akiwa amelala chini, na iliweza kupigwa kiasi cha mara kumi kwa dakika.

Je, nani angechagua gobori? Jibu limo katika chakula cha bunduki. Snaida haili ila risasi zake zilizofungwa kiwandani pamoja na baruti. Gobori hula chochote: risasi iliyoyeyushwa kijijini, kipande cha chuma, hata kijiwe. Mwenye Snaida ni mtumwa wa kiwanda. Mwenye gobori ni mtumwa wa dakika.

Mwaka wa 1877 Uingereza ilimpa Sayyid Barghash Snaida 500 kwa ajili ya jeshi jipya lililoongozwa na Lloyd Mathews. Mnamo 1882 jeshi la Mathews liliizingira Mwele, ngome ya Mbaruk iliyokuwa katika vilima vya misitu nyuma ya pwani. Hapo ndipo akili ya Mbaruk inapoonekana. Msitu hufupisha umbali, kwa hiyo bunduki ipigayo mbali hukosa faida. Boma nalo humpa mpigaji nafasi ya kushindilia. Kwa kuwa hakuweza kulichagua jeshi la kupigana nalo, alichagua mahali panapoifaa silaha yake. Mwele ilianguka, lakini mwenyewe alitoroka.

Bendera

Baadaye ilimjia kazi ya kuchagua bendera. Mnamo 1886 alipandisha ya Wajerumani hapo Gazi, lakini makubaliano ya Wajerumani na Waingereza ya mwaka huo yaliiacha Gazi upande wa pili. Kisha akapatana na Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Kama zilivyokuwa bunduki, bendera hizo zilifanana kwa mbali. Tofauti ilijulikana kwa yule aliyeshika ufunguo wa ghala.

Ufunguo huo ulifungwa mwaka wa 1890 katika Mkataba wa Brussels. Mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, yakaruhusu magobori kwa masharti, na yakayaachia majeshi ya serikali silaha zao. Tangu siku hiyo, Mbaruk alikuwa amechaguliwa silaha na watu asiowajua.

Vita vya Mwisho

Mwaka wa 1895 Salim bin Khamis wa Takaungu alifariki. Kampuni ilimtambua mwanawe, Rashid, ikamwacha mdai mwingine, naye ni somo wa Mbaruk wa Gazi. Somo huyo alipigana, akashindwa, akakimbilia Gazi. Mbaruk alisitasita, na hatimaye akasimama na jamaa yake. Tarehe 17 Agosti 1895 Admirali Harry Rawson aliiteka Mwele kwa askari wa majini na bombomu za Maxim. Mathews alijeruhiwa hapo. Vita vikatapakaa bara na kutishia njia ya misafara iliyopita nchi ya Waduruma, Samburu hadi Taru. Ilibidi askari waletwe kutoka Bara Hindi. Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka na wafuasi wake, akajisalimisha kwa Gavana Hermann von Wissmann. Mwaka huo huo reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa, nayo ikapita Samburu. Mbaruk alifariki Dar es Salaam mnamo 1910.

Hitimisho

Leo viwanda vya Italia hutengeneza nakala za bunduki na bastola za baruti nyeusi, na wanunuzi hushindana kuhusu nakala ipi inashabihi zaidi ya asili. Kwao kukosea ni hasara ya fedha. Kwa Mbaruk, tofauti ndogo iliyokuwa nyuma ya kasiba ilikuwa tofauti ya kutawala na kuhama. Alikuwa hodari wa kuchagua mahali, wakati na rafiki. Kilichomshinda ni kwamba kiwanda kilikuwa mbali, na mlango wake ulikuwa mikononi mwa adui.