Bibi Salme na Picha Yake

UTANGULIZI

Picha ya zamani ni zana ya kufundishia yenye nguvu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Haihitaji mtambo wala gharama kubwa. Hubandikwa ukutani, na darasa zima likaielekezea macho. Hata hivyo picha ina hatari yake, nayo ni kwamba mtoto huiamini. Akionyeshwa kasri, huamini kuwa hivyo ndivyo kasri lilivyokuwa. Akionyeshwa binti wa mfalme aliyejipamba, huamini kuwa hivyo ndivyo alivyoishi asubuhi na jioni. Mwalimu asipokuwa mwangalifu, mtu halisi aliyezaliwa, akaugua, akafiwa na akafa, hugeuka kuwa mhusika wa ngano. Na nchi aliyoishi hugeuka kuwa nchi ya ngano pia.

Hapa Unguja tunao mfano ulio wazi wa jambo hilo. Ni Bibi Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan. Picha yake inayojulikana zaidi inamwonyesha akiwa amevaa vazi la kitajiri la wanawake wa kasri, na vito vingi mwilini. Picha hiyo imechapishwa katika vitabu vingi, na Makumbusho ya Kasri yaliyoko Mizingani yalipofunguliwa mwaka 1994 yalimtengea Bibi Salme chumba chake. Makala haya yanaeleza maisha yake, kisha yanaonyesha jinsi mwalimu awezavyo kuitumia picha yake katika somo la historia bila ya kuwapotosha watoto.

MALEZI YA MTONI

Bibi Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti, 1844, katika kasri la Beit el-Mtoni, lililo kando ya bahari kaskazini ya Mji Mkongwe. Baba yake alikuwa mtawala wa Omani na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi, aliyetekwa angali mtoto katika nchi za Kaukazi na kuuzwa utumwani. Kwa hiyo binti wa mfalme alikuwa pia binti wa mwanamke aliyenunuliwa. Jambo hili halionekani katika picha yoyote, lakini bila ya hilo maisha ya kasri hayaeleweki.

Mtoni lilikuwa kasri kubwa lenye ua mpana, mabafu, na ndege na wanyama wa kila namna waliotembea ovyo uani. Watu walioishi humo, kwa makadirio yake mwenyewe, walifika elfu moja. Chuo cha watoto kilikuwa katika baraza iliyo wazi, na samani yake ilikuwa jamvi moja kubwa. Hapo watoto walijifunza kuisoma Kurani. Wavulana walifundishwa pia kuandika kidogo, wasichana hawakufundishwa.

Salme hakukubali kubaki na nusu ya elimu. Alichukua fupa la bega la ngamia, ambalo siku hizo lilitumika kama kibao cha kuandikia, akaanza kunakili kwa siri herufi za Kurani, moja baada ya moja. Habari zilipojulikana alilaumiwa, lakini alikwisha kujua kuandika. Mwalimu mwanachuo atafakari sana juu ya fupa hilo. Yote yaliyomfika Bibi Salme baadaye, ya heri na ya shari, yalitokana kwa kiasi kikubwa na kujua kwake kuandika.

KALAMU NA MGOGORO WA NDUGU

Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856, akiwa safarini kutoka Omani. Salme alikuwa na umri wa miaka 12. Alirithi mali na mashamba, na pamoja na mashamba alirithi watumwa waliofanya kazi humo. Kaka yake kwa baba, Majid, alishika utawala wa Zanzibar. Mwaka 1859 kipindupindu kilimchukua mama yake, akabaki yatima wa pande zote mbili akiwa na miaka 15 hivi.

Mwaka huo huo kaka mwingine, Barghash, alifanya njama ya kumpindua Majid. Salme alivutwa upande wa Barghash, na kwa kuwa alijua kuandika alifanywa karani wa njama hiyo. Barua za siri ziliandikwa kwa mkono wa msichana ambaye hakutakiwa kujua kuandika. Waingereza walimsaidia Majid. Barghash alishindwa, akapelekwa Bombay. Salme alisamehewa na Majid, lakini alipoteza imani ya ndugu wengi wa pande zote mbili. Akaenda kukaa shambani, kwanza Kisimbani, baadaye Bububu, kisha akarudi mjini.

Huko mjini alifahamiana na jirani yake Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani kutoka Hamburg. Alipokuwa mja mzito, maisha yake yalikuwa hatarini. Mwezi Agosti 1866 aliondoka usiku kwa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, akapelekwa Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, ambaye alifariki angali mchanga. Tarehe 30 Mei, 1867, alibatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyo hiyo akafunga ndoa na Ruete. Wakasafiri kwenda Hamburg.

PICHA ILIPIGWA WAPI?

Hapa ndipo tunapoifikia picha yetu. Picha ile mashuhuri haikupigwa Mtoni, wala Mji Mkongwe. Ilipigwa katika studio ya mpiga picha mjini Hamburg, mwishoni mwa miaka ya 1860. Wakati huo Bibi Salme alikuwa mke wa mfanyabiashara wa Kijerumani, na mavazi yake ya kila siku yalikuwa ya Kizungu. Vazi la kasri alilivaa kwa ajili ya picha. Akasimama mbele ya kamera bila ya kutikisika, kwani upigaji picha wa siku hizo ulitaka utulivu.

Tena, picha inaonyesha uso wake wazi. Zanzibar mwanamke wa ukoo wake hakuonekana uso na wanaume wasiokuwa jamaa zake, alivaa barakoa. Kwa hiyo mtoto anayedhani kuwa anamtazama binti wa Sultani kama watu wa Zanzibar walivyomwona njiani, anakosea. Anamtazama kama watu wa Hamburg walivyotaka kumwona.

Watu wa Ulaya walikuwa na sura ya binti mfalme wa Kiarabu vichwani mwao kabla ya Salme kufika. Walikuwa wamezisoma hadithi za Alfu Lela Ulela, na wameziona picha za nyumba za wanawake zilizochorwa na wasanii ambao wengi wao hawakupata kuingia katika nyumba hizo. Hata michoro ya wasafiri mara nyingi ilichorwa upya Ulaya na mafundi waliochonga juu ya mbao, ambao hawakupata kuuona hata mnazi. Salme alipotokea, alivishwa sura iliyokwisha kuandaliwa. Haisemwi kwamba picha yake ni ya uongo. Vazi ni la kweli na mwanamke ni wa kweli. Lakini mahali, wakati na kusudi si vile mtazamaji anavyodhani.

UJANE NA KALAMU TENA

Katika miaka mitatu Bibi Salme alizaa watoto watatu: binti wawili na mvulana mmoja. Mwezi Agosti 1870 mumewe alifariki baada ya ajali ya tramu. Akabaki mjane katika nchi ngeni, fedha zikipungua, akihama kutoka mji mmoja hadi mwingine. Aliyetunzwa na watumishi tangu kuzaliwa alijifunza kazi za nyumbani, na akafundisha Kiarabu ili kulea wanawe. Hakuna mpiga picha aliyeitwa kuonyesha siku hizo kama picha ya binti mfalme.

Mwaka 1875 Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani, alizuru London. Salme alikwenda huko kutafuta suluhu naye, lakini Waingereza walimzuia wasionane. Mwaka 1885 alirudi Zanzibar pamoja na merikebu za kivita za Kijerumani. Serikali ya Bismarck ilimtumia kama kisingizio cha kumbana Sultani; ilipopata ilichotaka, dai lake la urithi liliachwa. Barghash alikataa kumwona. Alirudi tena mwaka 1888, baada ya Barghash kufa, na mara hiyo pia hakupata kitu.

Mwaka 1886 kitabu chake cha kumbukumbu kilichapishwa mjini Berlin kwa Kijerumani. Ndani yake alieleza chuo cha Mtoni, sikukuu, maradhi, ndoa na vifo, na alipinga mawazo mengi ya Wazungu kuhusu wanawake wa nchi yake. Ni hazina kubwa kwetu. Lakini nacho kisomwe kwa uangalifu. Alikiandika miaka mingi baada ya kuondoka, kwa kumbukumbu ya mtu mwenye hamu ya kwao, na katika suala la utumwa aliwatetea mabwana, kwa kuwa alizaliwa miongoni mwao. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa mwaka 1873. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1897.

Baadaye aliishi miaka mingi Beirut, akarudi Ujerumani mwaka 1914, na akafariki mjini Jena tarehe 29 Februari, 1924. Majivu yake yalizikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na mfuko wa mchanga wa Zanzibar aliokuwa ameutunza.

MATUMIZI DARASANI

Mwalimu wa darasa la tano au la sita aweza kufuata hatua hizi:

1. Aonyeshe picha bila ya kutaja jina wala mahali. Ubaoni achore safu mbili: Tunachokiona na Tunachokidhani. Mtoto akisema kuna mkufu, neno liandikwe safu ya kwanza. Akisema huyu ni malkia, liandikwe safu ya pili.

2. Asimulie maisha ya Bibi Salme mpaka mwaka 1866, kwa lugha nyepesi. Fupa la ngamia lisisahauliwe. Watoto hulipenda, na wasichana hasa hulikumbuka.

3. Awaambie picha ilipigwa wapi. Kisha darasa lirudi kwenye safu ya pili na kuamua lipi libaki na lipi lifutwe. Mwalimu asifute mwenyewe.

4. Aulize maswali manne: Nani aliifanya picha hii? Wapi na lini? Ilikusudiwa kutazamwa na nani? Nani hayumo? Swali la nne lipewe nafasi kubwa kuliko yote. Nani alifua vazi hili? Nani alichuma karafuu zilizolinunua? Watoto wachore watu hao, kwa kuwa hatuna picha za wengi wao.

5. Shule za karibu ziende Mtoni kuyaona magofu. Shule za mbali zitumie picha za nyumbani. Karibu kila familia ina picha ya studio ya miaka iliyopita, ambayo babu amevaa koti la kuazima mbele ya pazia lililochorwa bustani. Mtoto akielewa kuwa babu hakuishi katika bustani ile, ameelewa somo lote.

HITIMISHO

Watoto wengi wa Unguja hupita mbele ya majumba ya zamani kila siku. Wapo wenye asili ya wenye majumba, na wapo wenye asili ya wale waliobeba mawe ya kuyajenga, na mara nyingi wote hao wamo katika familia moja. Mwalimu akiwaonyesha vito peke yake, atawafanya baadhi yao wajivune bure na wengine wajione kuwa hawana historia. Akiwafundisha kuiuliza picha maswali, kila mmoja atapata mahali pake katika habari hiyo. Bibi Salme alijifunza kuandika kwa kuzitazama herufi kwa makini mpaka zikamtii mkononi. Mwanafunzi naye hana budi kuitazama picha vivyo hivyo: polepole, kipande kwa kipande, bila ya haraka ya kuamini.