Edgar Sengier: Mbelgiji aliyeuza jiwe la Hiroshima

MTAZAMAJI wa Bariadi aliyeiona filamu ya Oppenheimer, iwe katika kibanda umiza au kwenye simu ya mkononi, bila shaka anazikumbuka zile gololi za kioo. Mwanasayansi huyo anazidondosha moja baada ya nyingine ndani ya vyombo viwili, na kila zinapoongezeka ndivyo bomu la atomiki linavyokaribia kukamilika. Filamu hiyo ya Christopher Nolan ilitoka mwaka 2023 na kuzoa tuzo saba za Oscar mwaka uliofuata, lakini haielezi madini yanayowakilishwa na gololi hizo yalichimbwa katika ardhi gani.

Sehemu kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, katika jimbo la Katanga, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambako hadi leo wachimbaji huzungumza Kiswahili. Kwa watu wa Usukuma na Unyamwezi, Katanga si ugenini sana. Katika karne ya 19 ilitawaliwa na Msiri, mfanyabiashara wa Kisumbwa aliyetoka upande huu, hadi alipouawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mtu aliyeyauza madini hayo kwa Wamarekani ni Edgar Sengier, ambaye jina lake wapenzi wengi wa sinema hawajapata kulisikia.

Sengier alizaliwa Oktoba 9, 1879 katika mji wa Kortrijk, Ubelgiji. Alihitimu uhandisi wa madini Chuo Kikuu cha Leuven mwaka 1903, na mwaka 1911 akajiunga na Union Minière, kampuni iliyokuwa ikichimba shaba ya Katanga. Huko alipanda ngazi hadi kuwa mkurugenzi wake.

Shinkolobwe iligunduliwa mwaka 1915. Wakati huo urani haikuwa na thamani kubwa. Ilitumika hasa kutia rangi vyombo vya udongo na vioo. Kilichotafutwa ni rediamu iliyomo ndani ya mawe hayo, ambayo hospitali za Ulaya ziliinunua kwa bei ya kutisha ili kutibu saratani. Baadaye soko lilianguka, na mwaka 1937 mgodi ukafungwa na kuachwa ujae maji.

Mei 1939 mwanasayansi wa Uingereza, Sir Henry Tizard, alimtahadharisha Sengier kwamba mawe yake yangeweza kuleta maangamizi iwapo yangeangukia mikononi mwa adui. Muda mfupi baadaye wanasayansi wa Ufaransa wakiongozwa na Frédéric Joliot-Curie nao walimfuata. Mfanyabiashara mwingine angeyapuuza mazungumzo hayo. Yeye alihamia New York vita vilipoanza na, baada ya Wajerumani kuiteka Ubelgiji mwaka 1940, akaagiza kwa siri zaidi ya tani 1,000 za mawe zisafirishwe kupitia bandari ya Lobito, Angola. Shehena hiyo ilihifadhiwa katika ghala la Staten Island, na ingawa Sengier aliwadokezea maofisa wa serikali mjini Washington, kwa muda mrefu hakuna aliyeishughulikia.

Septemba 18, 1942 ndipo Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alipobisha hodi ofisini kwake. Sengier, aliyekwishachoshwa na wageni wasio na uamuzi, alitaka kwanza kujua kama mwanajeshi huyo ana mamlaka ya kununua au amekuja kupiga soga. Haikupita saa moja kabla ya makubaliano kuandikwa kwenye karatasi ya manjano. Nichols alikuwa amepata hazina ambayo haikuwa na mfano: mawe mengi ya Shinkolobwe yalikuwa na urani ya wastani wa asilimia 65, ilhali yale ya Marekani yenyewe hayakufikia hata asilimia moja. Wahandisi wa jeshi walipelekwa Katanga kunyonya maji mgodini, na uchimbaji ukaanza upya.

Waliochimba na kupakia mawe hayo ni Wakongo, na hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini wala hatari ya mionzi yake. Hali ya wafanyakazi wa Union Minière ilikwishajulikana: Desemba 1941, walipogoma kudai mishahara, askari waliwafyatulia risasi katika uwanja wa mpira mjini Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, na makumi yao wakauawa. Sengier wakati huo alikuwa New York. Mkasa huo nao ungetosha kuwa filamu.

Agosti 6, 1945 bomu la urani lilidondoshwa Hiroshima, na siku tatu baadaye la plutoni, ambayo hutengenezwa kutokana na urani, likaangukia Nagasaki. Hadi mwisho wa mwaka huo watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima na takriban 70,000 Nagasaki.

Marekani ilimtunuku Sengier Nishani ya Ustahili mwaka 1946, akiwa raia wa kwanza asiye Mmarekani kuipata. Aidha, aina moja ya madini yenye urani iliyopatikana Katanga ilipewa jina lake. Aliacha ukurugenzi mwaka 1949, akabaki katika bodi hadi 1960, mwaka ambao Kongo ilipata uhuru na Wabelgiji wakaziba mgodi wa Shinkolobwe kwa zege. Alifariki dunia Julai 26, 1963 huko Cannes, Ufaransa, mji ambao dunia inaufahamu zaidi kwa tamasha lake la filamu.

Zege hilo halikuzuia watu. Wachimbaji wadogo walirudi Shinkolobwe kutafuta kobalti, na ingawa serikali ya Kongo ilipiga marufuku uchimbaji huo Januari 2004, walikuwa bado wamo mashimoni Julai mwaka huo, kifusi kilipoporomoka na kuua wasiopungua wanane.