Tom Mboya na Nauli ya Wanafunzi



Kila tarehe 1 Juni tunaadhimisha Siku ya Madaraka. Siku hiyo mwaka 1963 Kenya ilianza kujitawala katika mambo yake ya ndani, Jomo Kenyatta akiwa Waziri Mkuu. Gavana Mwingereza alikuwa bado yupo, na mambo ya ulinzi na ya nchi za nje yalibaki mikononi mwake. Uhuru kamili ulikuja tarehe 12 Desemba mwaka huohuo. Miongoni mwa mawaziri wa Madaraka alikuwamo mtu wetu wa Rusinga, Thomas Joseph Mboya, Waziri wa Sheria na Mambo ya Katiba, mwenye umri wa miaka 32.

Kaburi lake liko hapa kisiwani na watoto wetu wanalijua. Lakini wengi wao wanajua alivyokufa kuliko alivyoishi. Kwa kuwa harambee ya mwaka huu ni ya mfuko wa karo, tumeona tueleze sehemu ya maisha yake inayotuhusu zaidi.

Mboya hakuzaliwa kisiwani. Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, ambako baba yake, Mzee Leonardus Ndiege, alikuwa mnyapara katika shamba la mkonge. Alisoma shule za misheni ya Kikatoliki, ikiwamo St. Mary's Yala, kisha Holy Ghost College, Mang'u. Mtihani aliupita, lakini nyumbani hapakuwa na fedha za kumwendeleza. Mwaka 1948 akaingia mafunzo ya ukaguzi wa afya, na alipohitimu akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Huko aliona wakaguzi Wazungu wakilipwa mara kadhaa ya mshahara wake kwa kazi ileile.

Jambo hilo lilimwingiza katika vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1953, wakati wa hali ya hatari, serikali ilipiga marufuku chama cha KAU, na viongozi wengi walikuwa kizuizini. Vyama vya wafanyakazi vikawa miongoni mwa sauti chache zilizobaki kwa Mwafrika, na Mboya akawa katibu mkuu wa shirikisho lao. Kati ya 1955 na 1956 alipata mwaka mmoja wa masomo katika Ruskin College, Oxford. Machi 1957 wapiga kura wa Nairobi walimchagua kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Desemba 1958 aliongoza mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra, akiwa na miaka 28 tu.

Alijua kwamba siku ya kujitawala inakaribia, na kwamba ofisi zitakazoachwa na Waingereza zitahitaji watu. Vijana waliosoma hadi chuo kikuu walikuwa wachache, na nafasi za Makerere hazikutosha. Mwaka 1959 alizunguka Marekani akihutubia, na vyuo vingi vikakubali kupokea wanafunzi kutoka kwetu. Serikali ya kikoloni haikuunga mkono mpango huo, ikidai kwamba masomo ya Marekani ni hafifu.

Nafasi zilipatikana, lakini nauli ya ndege haikuwapo. Kijana alikuwa na barua ya chuo mkononi lakini hana njia ya kufika. Mboya na rafiki zake wa Marekani wakaanza kuchangisha. Mchezaji wa besiboli Jackie Robinson na waigizaji Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuomba michango. Huku nyumbani, jamaa na majirani walifanya karamu za chai na dansi, wengine wakauza mifugo, ili kijana wao apate nguo na fedha za matumizi. Septemba 1959 wanafunzi 81 wakasafiri kwa ndege moja.

Mwaka uliofuata waliokuwa tayari walikuwa wengi zaidi, na serikali ya Marekani ilikataa kwanza kusaidia. Julai 1960 Mboya alikwenda kumwona Seneta John F. Kennedy, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Miongoni mwa waliosafiri mwaka huo alikuwamo msichana aliyekuja kujulikana duniani kama Profesa Wangari Maathai. Maisha huko hayakuwa rahisi. Wengi walifanya vibarua wakati wa likizo ili wajikimu. Lakini Madaraka yalipofika, wengine walikuwa wanarudi na shahada zao, wakaingia wizarani, mashuleni na vyuoni.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, Mboya, wakati huo Waziri wa Mipango ya Uchumi, alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye barabara ambayo leo ni Moi Avenue, Nairobi. Hakuwa ametimiza miaka 39. Mwili wake uliletwa Rusinga, ukazikwa katika ardhi ya wazee wake.

Ndugu zetu, sisi tunaotunza hesabu za chama tunaandika ahadi katika ukurasa mmoja na fedha zilizopokelewa katika ukurasa mwingine. Baadhi ya ahadi za harambee iliyopita bado ziko katika ule ukurasa wa kwanza. Wakati huohuo tunao watoto waliofaulu, wenye barua za kuitwa shule, wanaokosa karo, godoro, sanduku na nauli ya basi. Wako mahali palepale walipokuwa wale vijana wa 1959 kabla nauli haijapatikana, na pale alipokuwa Mboya mwenyewe alipomaliza Mang'u.

Tunaomba kila aliyeahidi atimize kabla shule hazijafunguliwa, na kila mgeni atoe anachoweza, kidogo au kikubwa. Kila mchango utaandikiwa risiti, na hesabu kamili itasomwa mbele ya wanachama katika mkutano mkuu.