Siti binti Saad: muuza vyungu wa Fumba aliyeipa Afrika Mashariki sauti

Yeyote aliyewahi kukaa kando ya uwanja akina mama wa mwambao wa Ziwa Nyasa wakicheza kioda anajua kwamba wimbo si burudani tupu. Humo husifiwa anayestahili sifa, na mvivu, mlevi au mwenye majivuno husikia habari zake bila kutajwa jina. Watu hucheka, naye anayehusika huinamisha kichwa. Leo tunapenda kuwasimulia maisha ya mwanamke aliyeifanya kazi hiyohiyo mbali na hapa, kisiwani Unguja, hata sauti yake ikavuka bahari.

Siti binti Saad alizaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Asili ya baba yake ilikuwa Unyamwezini, na ya mama yake Uzigua. Jina alilopewa na wazazi wake halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Tunaomba msomaji asilipite jina hilo haraka. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria visiwani hadi mwaka 1897, binti huyu akiwa tayari amekua. Alilelewa katika jamii ambamo mtu alipimwa kwanza kwa nasaba yake, ndipo kwa nafsi yake.

Jambo hili linatugusa sisi wa Mbinga na Nyasa kwa namna ya pekee. Misafara ya watumwa iliyovuka ziwa letu ilipita katika nchi hii ya Ruvuma kuelekea Kilwa, na kutoka Kilwa majahazi yaliwapeleka watu Unguja. Ndiyo maana kwa miaka mingi walikuwako Zanzibar watu walioitwa Wanyasa, nao wengi wao waliishi Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliotenganisha vibanda vya udongo na majumba ya mawe ya mabwana. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Zanzibar kabla ya kuanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, waliwakomboa baadhi ya watu wa namna hiyo. Kwa hiyo tunapolisimulia jina la Mtumwa binti Saad, hatusimulii habari za wageni. Majirani zake walikuwa ndugu za babu zetu.

Hakusoma shule. Wasichana wa hali yake hawakuwa na shule ya kwenda. Alijifunza kufinyanga vyungu, kazi ya mama yake, akavibeba kichwani na kuvitembeza. Alikuwa akiimba njiani ili wanunuzi wajue kwamba muuza vyungu amefika, na waliomsikia hawakuisahau sauti ile. Aliolewa, akajaliwa mtoto wa kike, kisha ndoa ikavunjika. Mwaka 1911 aliondoka Fumba akaenda mjini, mwanamke wa miaka thelathini hivi, bila mume, bila mali na bila cheo. Tukisema ukweli, ni watu wachache ambao wangemtabiria jambo lolote jema.

Huko mjini alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa Nadi Ikhwan Safaa, chama cha taarab kilichoanzishwa mwaka 1905. Muziki huo uliingia Zanzibar kutoka Misri wakati wa Sultani Barghash, ukawa starehe ya jumba la kifalme, ukiimbwa kwa Kiarabu na wanaume. Ali Muhsin alimfundisha kuimba kwa kufuata ala, naye mwanamke asiyejua kusoma akayashika yote kwa masikio. Haukupita muda mrefu, akawa anaalikwa katika nyumba za wakubwa, na hata mbele ya Sultani. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alipewa katika miaka hiyo, na lile la utotoni likafifia.

Heshima hiyo haikumpendeza kila mtu. Walikuwapo waliomtungia wimbo wa kumkejeli, wakiukumbusha mji kwamba alikuja amevaa kaniki, vazi la watumwa na mafukara, na kwamba bila sauti asingekuwa na cha kula. Walimcheka pia kwa sura. Siti hakwenda kuwashtaki wala hakunyamaza. Aliwajibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura hauna maana mahali ambapo akili na tabia njema zimekosekana. Sisi tunaona kwamba jibu lile lilikuwa zito kuliko tusi, kwa sababu waliocheka mwanzoni ndio hao hao waliokuja kulipa ili wamsikilize.

Mwezi Machi 1928 alipanda meli kwenda Bombay, India, pamoja na wenzake, akiwamo Maalim Shaaban, Subeti Ambar, Budda Swedi na Mbaruk Talsam. Huko waliimba nyimbo zikanaswa katika sahani za santuri na kampuni ya His Master's Voice. Waimbaji wa Afrika Mashariki walikuwa hawajawahi kufanya hivyo. Tena, waliimba kwa Kiswahili. Kufikia mwaka 1931 zilikuwa zimeuzwa sahani za Kiswahili zipatazo 72,000, idadi ya ajabu ukikumbuka jinsi santuri ilivyokuwa ghali, na jinsi mtaa mzima ulivyoweza kukusanyika mbele ya duka la kahawa kusikiliza moja. Waliokuwa hawajapata kuiona bahari, huku bara, walimsikia mwanamke wa Fumba akiimba kwa lugha wanayoielewa.

Na aliimba nini? Mapenzi, ndiyo. Lakini nyumbani kwake Ng'ambo, ambako yeye na wenzake walikusanyika kutunga na kufanya mazoezi, habari za mtaa zilifika kila jioni, nazo zikageuka nyimbo. Wimbo wake uitwao Kijiti unasimulia mkasa wa kweli wa mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, mjamzito, aliyevutwa katika starehe na mwanamume, akanajisiwa na kuuawa. Muuaji alitoroka kuelekea bara, na walioonja ukali wa mahakama ni wanawake waliohusishwa na mkasa ule. Maskini wa Ng'ambo hawakuwa na gazeti wala wakili. Walikuwa na Siti, naye aliuimba mkasa huo hadi kila mtu akajua jina la mkosaji. Wajukuu wa watu wale bado wanalijua.

Katika uzee wake alitembelewa na Shaaban Robert, mwandishi mkubwa wa Kiswahili, aliyemhoji na kuandika Wasifu wa Siti binti Saad. Mwenyezi Mungu alimwita tarehe 8 Julai 1950. Bi Kidude, ambaye katika usichana wake alikuwa akimsikiliza Siti na kuzishika nyimbo zake, aliendelea kuziimba hadi alipofariki mwaka 2013. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilipotafuta jina la jarida lake la kuwatetea wanawake, kiliita Sauti ya Siti.

Wazee wetu wachache wangali wanaikumbuka santuri ya kuzungusha kwa mkono, sindano ikikwaruza kabla wimbo haujaanza. Tunawaomba vijana wa parokia zetu wakae nao na kuwauliza ni nyimbo zipi zilizosikika katika vijiji vyao, na ni nani aliyekuwa akiziimba.