Appleton, mtafiti aliyefumbua siri ya mawimbi yanayopambana

MKAZI wa Kitale anayempigia simu jamaa yake Bungoma huenda akasikia sauti ikififia ghafla, kisha ikarejea akisogea hatua moja tu. Wengi hulaumu betri au mnara. Kiini cha kero hiyo kilithibitishwa kabla ya simu za mkononi kubuniwa, na Mwingereza Edward Appleton.

Appleton alizaliwa Septemba 6, 1892 mjini Bradford, akasomea Cambridge. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimpeleka katika kikosi cha wahandisi wa jeshi, na huko ndiko alikovutiwa na redio.

Enzi hizo wasikilizaji walishangaa kuona stesheni za mbali zikififia usiku. Appleton alishuku kuwa wimbi lilifika kwa njia mbili: moja ikiambaa na ardhi, nyingine ikipaa na kurudishwa na tabaka la hewa yenye chaji za umeme. Kennelly na Heaviside walikuwa wamelikisia tabaka hilo mwaka wa 1902 bila ushahidi.

Desemba 1924, akiwa na mwanafunzi wake Miles Barnett, aliomba kituo cha BBC cha Bournemouth kibadilishe urefu wa wimbi polepole baada ya matangazo ya siku kwisha, nao wakapima huko Oxford. Nguvu ilipanda na kushuka kwa zamu: mawimbi mawili yalisaidiana, kisha yakauana. Kwa kuhesabu zamu hizo walipata kimo cha tabaka, takriban kilomita 100. Kipimo rahisi ajabu kwa matokeo makubwa hivyo.

Alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 1947. Kuanzia 1949 aliongoza Chuo Kikuu cha Edinburgh hadi alipofariki Aprili 21, 1965.

Mawimbi ya simu hayategemei paa hilo la angani. Hugonga mabati, malori, kuta za maduka na miteremko ya Mlima Elgon. Katika masafa ya megahezi 900 wimbi lina urefu wa sentimita 33 hivi, ndiyo maana kusogea kwa umbali usiofika shibiri kwaweza kuokoa mazungumzo. Mwangwi uliozunguka mita 300 zaidi huchelewa kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, ukavuruga tarakimu zinazofuata.

Mitandao ya GSM, iliyoenea nchini baada ya mwaka wa 2000, hupachika tarakimu 26 zinazojulikana katikati ya kila fungu la mazungumzo, ili simu ipime myangwi na kuiondoa. Mitandao ya 4G imekwenda mbali zaidi: kwa antena kadhaa, huzitumia njia hizo nyingi kubebea data zaidi.